Chambo laini Naivasha: besi anadona, ndoano haishiki

mshipi_mlegevu

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Naomba msaada wa chambo laini cha plastiki kwa besi (wale samaki wawindaji wenye mdomo mpana, largemouth bass) wa Ziwa Naivasha. (Naandika "besi" makusudi, nikiandika "basi" kuna mtu ataniuliza linaenda Nakuru saa ngapi.)

Vifaa: fimbo ya futi 7 ya nguvu ya kati, rili ya spiningi ya 3000, mshipi wa nailoni wa pauni 10. Chambo ni pakiti ya mchanganyiko: minyoo ya inchi 7 yenye mkia uliopinda, vijiti vinene vya inchi 5 visivyo na mkia wowote, krefishi (kamba wa maji baridi) wa inchi 4 wenye makucha mawili, visamaki vyenye mkia wa kasia, na vijiti vifupi vyeupe vya inchi 2.75 ambavyo vinaelea. Ndoano zote ni ofseti (zenye kipinda shingoni) namba 1/0. Machubwi (vizito vya kuzamisha) yote ni ya madini ya risasi, umbo la risasi ya bunduki, gramu 14.

Mahali: kando ya mafunjo, kwenye migunga iliyokufia majini tangu ziwa lilipojaa, na pembeni ya magugu maji yanayoelea. Maji ni ya tope, ukizamisha mkono hadi kiwiko huoni vidole.

Shida:

1. Samaki anadona mara mbili tatu, ukivuta kwa nguvu chambo kinarudi kimejikunja chote chini kwenye goti la ndoano (pale inapopinda). Samaki hayupo.

2. Mshipi unajisokota hadi unafanya vitanzi kwenye rili.

3. Rangi ni nyingi mno. Nichague ipi kwa maji ya tope?

4. Vile vyeupe vimeyeyukiana na minyoo ndani ya boksi, pamekuwa uji.

---

Fundi_Ndoano

Marahaba. Anza na ndoano, kwa sababu shida namba 1 iko hapo na namba 2 nusu yake iko hapo hapo.

Chukua kile kijiti cha inchi 5 ukiweke kando ya ndoano yako ya 1/0. Unene wa kijiti ni karibu sawa na uwazi ulio kati ya ncha na mti wa ndoano (sehemu yake iliyonyooka). Besi akibana mdomo, plastiki inasukumwa kwenye goti na kuujaza uwazi wote. Ncha haina pa kutokea. Unachovuta ni donge la plastiki, na samaki anafungua mdomo tu. Kanuni ya kupima kwa jicho: uwazi uwe karibu mara mbili ya unene wa chambo. Kwa hiyo kijiti cha inchi 5 kipe ndoano kubwa zaidi, 4/0, yenye goti pana. Mnyoo wa inchi 7 ni mwembamba, 3/0 inamtosha. Krefishi wa inchi 4, 3/0 au 4/0 kutegemea unene wa tumbo lake. Hiyo 1/0 ibakize kwa vitu vyembamba vya inchi 3 au 4.

Sasa namna ya kuvisha, maana hata ndoano sahihi ikivishwa ovyo inakosa:

Ingiza ncha katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo, ishuke nusu sentimita, kisha itoe ubavuni. Vuta ndoano yote ipite hapo hadi kile kipinda cha shingoni kiingie ndani ya plastiki na tundu la ndoano lifichike kichwani. Zungusha ndoano ncha iutazame mwili. Hapa ndipo wengi huharibu: usichome bado. Acha mnyoo uning'inie wenyewe kando ya ndoano, utazame mwanzo wa goti unagusa wapi, uweke alama hapo kwa ukucha. Rudisha mnyoo nyuma kidogo, choma pale kwenye alama, ncha itokee upande wa pili. Ukiachia, mnyoo ulale umenyooka kama rula. Ukiwa na kibyongo, umechoma nyuma mno, kuelekea mkiani. Ukiwa umevutika na kukaza, umechoma mbele mno, karibu na kichwa. Mnyoo wenye kibyongo hugeuka parafujo ukiuvuta majini, na huo ndio msokoto wa mshipi unaoulalamikia.

Mwisho sukuma plastiki mbele kidogo, ncha iingie tu chini ya ngozi ya mgongo, unene wa ukucha usizidi. Ncha isionekane ila ukipapasa kwa kidole uihisi. Hivyo inapita kwenye magugu bila kushika, na samaki akibana inatoka mara moja.

Kuhusu kuvuta. Nailoni ya pauni 10 inanyumbuka sana. Ukiwa mita 20 na zaidi, nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kunyumbuka kwa mshipi. Kwa rili yako ningeweka mshipi wa kusuka wa pauni 30 na mbele yake florokaboni (mshipi usioonekana sana majini) ya pauni 15, urefu wa sentimita 60 hadi 90. Kisha acha tabia ya kupiga fimbo mshipi ukiwa umelegea (naona jina lako!). Akishika, shusha ncha ya fimbo imwelekee, zungusha rili hadi uhisi uzito, hapo ndipo ufagie fimbo kwenda juu au ubavuni kwa nguvu moja ndefu. Kwa mshipi wa kusuka usipige kama unayechapa ng'ombe, utampasua mdomo.

Waya wa ndoano nao ulingane na fimbo. Waya mnene kwenye fimbo ya kati haupenyi. Waya mwembamba kwenye mshipi wa kusuka wa pauni 50 unanyooka. Fimbo yako inataka waya wa kati.

Jambo la mwisho: "mara mbili tatu, dona dona dona" mara nyingi si besi. Ni tilapia wanaouma mkia. Besi hufungua mdomo na kufyonza, unahisi "tup" moja kama mtu amegonga fimbo kwa kucha, halafu mshipi unaanza kutembea pembeni. Wakati mwingine huhisi kitu kabisa, chambo kinasimama kabla ya kufika chini.

---

Kinangop_Juu

Nakubaliana na Fundi kwa yote, naongeza kuhusu kuchagua, maana pakiti ya mchanganyiko ndiyo njia nzuri ya kumchanganya mtu.

Besi wa Naivasha si mwenyeji. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1970 akaletwa krefishi mwekundu wa Louisiana, na tangu hapo huyo ndiye chakula kikubwa cha besi aliyekomaa ziwani. Kwa hiyo katika hiyo pakiti yako, krefishi wa inchi 4 ndiye wa kwanza. Kijiti cha inchi 5 cha pili. Vingine viweke kando hadi ujue hivi viwili.

Mtazame krefishi hai kando ya ziwa. Akitembea, anatembea polepole kwenda mbele, akigusa chini. Akishtuka, anapiga mkia na kuruka KINYUMENYUME, makucha yakifuata nyuma yamekunjwa pamoja. Sasa tazama wa plastiki alivyovishwa: ndoano inaingia upande wa mkia, makucha yako nyuma. Kumbe ukimvuta, anakwenda kinyumenyume kama anayekimbia. Mchezo wake ndio huo: mwache afike chini, subiri sekunde tano, mburute kama shubiri moja au mbili, subiri tena, halafu mrushe kwa kuinua fimbo haraka kutoka tarakimu 9 hadi 11 za uso wa saa, yaani kidogo tu, na umwache aanguke. Wengi wanadona akianguka au akiwa ametulia baada ya kuruka. Makucha yakiwa yameshikana toka kiwandani, yachane kwa wembe, la sivyo hayachezi.

Uzito. Hili lina maana kuliko rangi, na watu wanalidharau. Gramu 14 kando ya mafunjo kwenye kina cha mita moja na nusu ni jiwe. Chambo kinapiga tope, kinazama ndani yake, samaki hana nafasi ya kukitazama kikishuka. Tafuta gramu 5 na 7 kwa ukingo wa mafunjo na miti. Gramu 3.5 kukiwa shwari na maji mafupi. Gramu 10 upepo ukianza, na Naivasha mchana upepo huanza kweli, mshipi unapinda na hujui chambo kiko wapi. Hizo 14 zako zifae maji marefu upande wa kisiwa cha Crescent Island, au kuburuta chini: chubwi, ushanga, swiveli (kiungo kinachozunguka), halafu lida (kipande cha mshipi cha mbele) ya sentimita 60 hadi 90 na mnyoo wa inchi 7 nyuma yake. Chubwi linalima chini na kugonga ushanga, mnyoo unafuata ukielea juu kidogo. Kwa njia hiyo unakagua eneo kubwa haraka.

Rangi kwa maji ya tope: nyeusi yenye chembe za buluu, au zambarau iliyokolea. Samaki anaona kivuli chenye umbo kamili dhidi ya mwanga wa juu. Maji yakitulia na kuona nusu mita au zaidi, rangi ya boga bichi, ile kijani iliyoingiwa na kahawia. Krefishi mdogo ana rangi hiyo hiyo ya kijani-kahawia, wekundu unakuja akikomaa. Rangi mbili. Basi.

---

mkia_kasia

Kinangop umesema vizuri ila kwa rangi umekuwa mkali mno. Jua likiwa kali saa sita na maji yakiwa ya tope la maziwa, ile ya kijani-manjano kwenye ncha za makucha inasaidia. Chovya ncha tu kwenye rangi ya chambo, usimpake mwili mzima. Ukikomaa na nyeusi tupu unaacha samaki.

Ninalotaka kuongeza ni magugu maji, maana aliyeuliza ameyataja na hamkuyagusa.

Zulia la magugu maji ni paa. Chini yake kuna kivuli na krefishi wananing'inia kwenye mizizi. Lakini usitupe katikati ya zulia kubwa: chini ya zulia nene lililokaa muda mrefu hewa ya majini inapungua na samaki hawakai. Tafuta mita moja au mbili za ukingo, mapengo, na mahali ambapo magugu maji yamekutana na mafunjo au mti. Zulia dogo lililofika jana kwa upepo mara nyingi ni tupu; lililonaswa kwenye mti kwa siku kadhaa ni nyumba.

Kupenya huko hiyo fimbo yako haitoshi, nakuambia mapema usivunje kifaa. Inatakiwa fimbo nzito ya futi 7 na nusu hadi 8, mshipi wa kusuka wa pauni 65, na chubwi la tungsteni la gramu 28 hadi 42. Tungsteni kwa sababu kwa uzito uleule ni dogo kuliko risasi, linapita kwenye upenyo mwembamba. Chubwi LAZIMA lizuiwe lisiteleze kwenye mshipi, kwa kizuizi cha mpira juu yake, viwili ni bora. Lisipozuiwa, chubwi linapenya na kushuka, chambo kinabaki juu ya majani kimekaa kama kuku kwenye paa.

Ndoano huku ni ya mti ulionyooka, 4/0, waya mnene, na ifungwe kwa fundo la kuzungushia mti wa ndoano: mshipi unaingia kwenye tundu kutokea upande wa ncha, unazungushwa kwenye mti mara sita au saba, unarudi. Ukivuta, chubwi linagonga tundu na ncha inapinduka kwenda juu kwenye paa la mdomo. Ukiingiza mshipi kutoka upande wa pili, ndoano inapinduka kinyume na inalala. Watu wengi wanakosea hapo na kulaumu ndoano.

Chambo kiwe kifupi na kinene, inchi 4, kisicho na miguu mingi. Kila kiungo kinachoning'inia ni kitu cha kushika mzizi. Yule krefishi wako mwenye makucha mapana ni mbaya kwa kazi hii.

Inua, achia wima ukiachia mshipi kabisa. Ukipenya acha kifike chini, kitikise mara mbili, kipandishe hadi kiguse paa la magugu kwa ndani, tikisa hapo tena. Kama hakuna, toa, nusu mita pembeni, rudia. Hakuna kungoja.

Na ndugu yangu, angalia upepo. Zulia linatembea. Lisije kufunga mashua kati yake na mafunjo, na ndani ya mafunjo hayo kuna viboko. Asubuhi na jioni usijibane ukingoni, na kuingia majini kwa miguu usithubutu hata kwa ndoano ya dhahabu.

---

mshipi_mlegevu

Asanteni sana wakuu, nimeipata. Swali dogo mbili: kwenye mti uliokufa wenye matawi, chubwi lizuiwe au liachwe huru? Na ni kweli kile kijiti cha inchi 5 kinatupwa bila chubwi kabisa? Kinaonekana kama kalamu, hakina mkia, hakina kitu.

---

Ng'ambo_Fork

Huku mashariki ya Texas, Lake Fork imejaa miti iliyokufa imesimama majini, kwa hiyo swali lako ni la kila siku.

Kwenye matawi: zuia. Likiwa huru, chubwi linapita upande mmoja wa tawi, mnyoo upande wa pili, umetundika nguo. Kwenye chini safi au majani machache, liachwe huru, samaki anachukua mnyoo bila kuhisi uzito. Ukikosa kizuizi cha mpira, kijiti cha meno kilichochomekwa puani mwa chubwi na kuvunjwa kinafaa kwa dharura, ila kinakwaruza mshipi, kata sentimita 10 na ufunge upya kila baada ya saa moja hivi.

Kijiti bila chubwi: ndiyo, na kinavua kwa sababu hiyo hiyo ya kutokuwa na kitu. Kimejaa chumvi, ndiyo maana ni kizito mkononi. Chumvi inakizamisha chenyewe, na kikishuka kimelala, ncha zote mbili zinatetemeka. Ukikivuta unaua ule mtetemo. Kwa hiyo njia ni mbili.

Ya kwanza, kivishe kama Fundi alivyoeleza, ndoano 4/0, bila chubwi. Tupa kipite shina, kiache kishuke na mshipi uliolegea KIDOGO, yaani ukae kama upinde mdogo juu ya maji, usikazwe. Mshipi uliokazwa unakirudisha kwako kama bembea badala ya kushuka wima kando ya mti. Tazama pale mshipi unapoingia majini. Ukiruka, ukienda pembeni, au ukisimama kabla ya muda wake, zungusha na ufagie. Hesabu tangu kinapogusa maji hadi mshipi unapolala. Ukijua ni sekunde nane na safari hii umesimama kwenye nne, hiyo si chini.

Ya pili, choma katikati. Pete ndogo ya mpira inavutwa hadi katikati ya kijiti, ndoano fupi ya 1/0 (hatimaye zako zina kazi, ingawa umbo la mviringo lisilo na kipinda ndilo bora) inapita chini ya pete. Kijiti kinaning'inia pande mbili kama mizani. Kikishuka kinajikunja na kujikunjua. Bila pete, kijiti kinachanika baada ya samaki mmoja au wawili na kinaruka chenyewe unapotupa. Njia hii ncha iko wazi, kwa hiyo ni ya pembeni mwa mti, si ndani ya matawi.

Ukitupa ndani ya matawi usiikazanie fimbo ikinasa. Legeza, tikisa ncha polepole, mara nyingi kinaanguka chenyewe. Na kuanguka huko kutoka tawi hadi tawi ndiko samaki anakokungojea.

Kuna moja la kutahadhari: bila chubwi, samaki anameza haraka kwa sababu hahisi kitu kigumu. Usisubiri "ale vizuri". Ukichelewa sekunde kadhaa, ndoano iko kooni. Ikiwa kooni na koleo halifiki kwa wepesi, kata mshipi karibu na tundu umwachie kama unamrudisha majini. Kumchokonoa ndiko kunakomuua.

---

Boksi_la_Chambo

Nijibu namba 4 ambayo wote mmeiruka.

Vile vyeupe vinavyoelea si plastiki moja na vingine. Minyoo, vijiti na krefishi wa kawaida ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta ya kulainishia. Vile vinavyonyumbuka kama mpira na kuelea ni vya aina nyingine, elastoma, na vikigusana na PVC yale mafuta yanahamia na vyote vinayeyuka. Hakuna dawa, vitupe. Vipya vikae kwenye mfuko vilivyokuja nao, peke yao. Usiviweke pia kwenye boksi la plastiki ngumu la kawaida, baadhi ya maboksi nayo huliwa hadi chini pakawa pananata.

Hivyo vyeupe vina kazi nzuri, usivichukie: kichwa cha uyoga (chubwi la umbo la uyoga lililoshikana na ndoano) cha gramu 3 hadi 5, ndoano wazi, kwenye chini safi ya kokoto au mchanga. Kinasimama wima chini mkia juu. Kwenye mafunjo havifai.

Vya PVC navyo kila rangi na mfuko wake. Nyeusi na nyekundu zinahamia kwenye rangi nyepesi ndani ya siku chache, boga bichi inakuwa ugoro.

Usiache pakiti kwenye gari juani. Minyoo ikipinda, chemsha maji, epua, zamisha mnyoo nusu dakika hadi dakika moja, ulaze juu ya kitu bapa umenyooka, halafu maji baridi. Mnyoo uliopinda ndani ya pakiti utauvisha sawasawa na bado utazunguka majini, kwa hiyo msokoto wa mshipi wako unaweza pia kuanzia hapa. Sababu ya tatu ya msokoto kwenye rili ya spiningi: kufunga waya wa rili (ule upinde unaofunguliwa kabla ya kutupa) kwa kuzungusha mpini. Ufunge kwa mkono kila baada ya kutupa, kisha vuta mshipi kidogo kabla ya kuanza kuzungusha.

Dawa ya mbu yenye DEET inayeyusha plastiki na inaharibu mshipi. Jioni kando ya Naivasha utaihitaji, basi ipake kwa mgongo wa mkono na uoshe viganja kwa sabuni kabla ya kushika chambo. Alama za vidole zilizozama kwenye mnyoo ukaona unang'aa na kunata, ndiyo hiyo.

Kilichochanika kichwani usitupe majini. Samaki huviokota, na vingine huvimba tumboni. Kata sentimita moja ya kichwa uvishe upya. Kijiti cha inchi 5 kilichokwisha kata kibaki inchi 3, kinatosha kile kichwa cha uyoga. Mpasuko mdogo unaunganishwa kwa moto: pasha upande wa kisu kwenye mshumaa, gusisha pande zote mbili za mpasuko, toa kisu, bana hadi ipoe. Tone la gundi ya supa kati ya kichwa cha mnyoo na tundu la ndoano linazuia kuteleza, na hilo linahusu shida yako namba 1.

Mtu asije akashawishika kuyeyusha mabaki jikoni na kumimina upya. PVC hii inataka karibu nyuzi 175 za Selsiasi. Ikizidi, inageuka njano na kutoa moshi wa tindikali unaochoma mapafu. Tone la maji likiingia kwenye sufuria, inaruka na kuunguza. Ni kazi ya nje, kwa barakoa ya gesi na chombo ambacho hakitapikiwa tena.

---

Fundi_Ndoano

Boksi umenikumbusha fundo, nililisahau. Kwa florokaboni ya pauni 15 funga palomari: kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu, funga fundo la kawaida lililolegea, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, LOWESHA kwa mate, ndipo ukaze polepole ukivuta pande zote mbili pamoja. Florokaboni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na kukatika pale pale kwenye fundo. Ukiona mshipi umekatika na ncha yake imejisokota kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza. Ukiona imekatika bapa na nyeupe, uliunguza.

Orodha ya kununua, usiongeze kitu: ndoano za goti pana 4/0 pakiti moja na 3/0 pakiti moja, machubwi ya gramu 5 na 7 matano matano, vizuizi vya mpira, mshipi wa kusuka wa pauni 30, florokaboni ya pauni 15, pete za mpira kumi. Fimbo ya magugu maji ingoje.